Chuo cha Wanaobaki



Mtu asafiriye kutoka Mtwara kwenda Newala hupanda uwanda wa Makonde pole pole, mikorosho ikiwa kulia na kushoto, mpaka anapofika ukingoni ambako nchi hukatika ghafla. Pale Newala, mahali paitwapo Shimo la Mungu, husimama juu ya genge na kuliona bonde la Mto Ruvuma likiwa limetandazwa chini, na ng'ambo yake Msumbiji. Akiendelea kuelekea magharibi huteremka kutoka uwandani, na hatimaye hufika Masasi, mji uliokaa chini ya majabali makubwa ya mawe matupu. Katika miji hiyo miwili viko vyuo viwili ambavyo habari zake hazijazi kurasa za magazeti. Kimoja ni Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Masasi, cha pili ni Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Newala. Havitoi shahada, wala havijengewi minara. Lakini mkulima wa huko akitaka kujifunza jambo baada ya kuacha darasa la saba, ndivyo vilivyo karibu naye.

Mazungumzo haya yanahusu vyuo hivyo, na hasa swali moja ambalo limekuwa likikwepwa kwa miaka mingi. Je, chuo cha wananchi kipo ili kimsaidie kijana kuondoka, au kipo ili kimsaidie mwananchi kubaki na kuishi vema pale alipo? Wako watakaosema kwamba chaweza kufanya yote mawili kwa pamoja. Huenda ni kweli. Lakini fedha ni kidogo, walimu ni wachache na siku za mwaka ni zile zile, na kwa hiyo kila mwaka moja kati ya mambo hayo mawili hupewa chakula na la pili hupewa makombo.

Ili swali hilo lieleweke, ni lazima kwanza ikumbukwe historia ya elimu katika sehemu hizo. Masasi si mahali palipochelewa kuona shule. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA, yule yule aliyejulikana sana kwa kazi yake ya sarufi na tafsiri za Kiswahili, alifika huko akiwa na kundi la watu waliokombolewa utumwani, wakitokea Unguja. Kijiji kilichoanzishwa nao kilikuwa na kanisa na kilikuwa na shule. Kilivamiwa mwaka 1882, na misheni ikachomwa moto tena wakati wa Vita vya Maji Maji mwaka 1905, lakini shule ilirudi kila mara. Mwaka 1906 Wabenediktini walianza kazi yao Ndanda, na baadaye pakawa na hospitali, karakana, mtambo wa kuchapisha vitabu na shule iliyosifika. Chidya nako kukawa na shule iliyolea vijana wengi. Kwa hiyo, kwa muda wa karne moja na zaidi, mtoto wa Kimakua, wa Kiyao au wa Kimakonde aliyejaliwa akili na bahati alikuwa na mlango wa kuingilia.

Mlango huo, hata hivyo, ulifunguka upande mmoja tu. Aliyefaulu aliondoka. Mfano ulio maarufu kuliko yote ni wa Benjamin Mkapa, aliyezaliwa Lupaso, wilayani Masasi, mwaka 1938, akasoma Ndanda, akafika Makerere, akawa mhariri wa magazeti ya Chama, akawa Waziri, na kutoka mwaka 1995 hadi 2005 akawa Rais wa Jamhuri ya Muungano. Hakuna mtu wa Masasi asiyejivunia jambo hilo, na ni haki yake kujivunia. Lakini kwa kila mmoja aliyepanda ngazi kwa namna hiyo walikuwako maelfu waliobaki chini ya ngazi, na lugha ya watu ikawapa jina baya: walioshindwa. Mtu mwenye miaka kumi na minne, mwenye nguvu, mwenye shamba, mwenye ndugu na wazee wa kuwatunza, akaitwa ameshindwa kwa sababu jina lake halikutoka katika orodha ya waliochaguliwa kwenda sekondari. Kasumba hiyo haikuletwa na mtu mmoja na haitaondolewa na mtu mmoja.

Hapa yafaa kukumbusha jambo ambalo wasomi wengi hupenda kulisahau. Kabla ya shule yoyote kuja, watu wa Masasi na Newala walikuwa na chuo chao, nacho ni jando na unyago. Yako mengi katika mila hizo ambayo yamestahili kukosolewa, na yamekosolewa. Askofu Vincent Lucas, aliyekuwa Askofu wa Masasi tangu mwaka 1926, hakuzipiga marufuku bali alijaribu kuzigeuza ziwe za Kikristo, na wako walioona kuwa alifanya kosa na wako walioona kuwa alifanya busara. Lakini utaratibu wake wa msingi una mafunzo. Mwanafunzi hutolewa nyumbani kwa muda, hufundishwa na watu wanaomjua, kisha hurudishwa kwa ngoma na vifijo, na kijiji kizima humpokea kwa cheo kipya. Hakuna anayetoka jandoni kisha akaambiwa aende kutafuta maisha Dar es Salaam. Shule ya kikoloni ilimchukua mtoto na haikumrudisha.

Tanzania ilipotangaza Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, nia ilikuwa kuugeuza mlango huo. Mwaka 1970 ukafanywa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na katika kampeni iliyofuata ya kufuta ujinga wa kutojua kusoma na kuandika, Masasi ilikuwa miongoni mwa wilaya chache zilizochaguliwa kuongoza, pamoja na visiwa vya Mafia na Ukerewe. Watu wazima, wengi wao akina mama, walikaa chini ya mikorosho na miembe wakijifunza kuandika majina yao. Lakini likazuka swali jingine: mtu akishajua kusoma, afanye nini na kusoma kwake? Asiyekuwa na kitabu wala gazeti wala kazi inayodai hesabu husahau.

Jibu la swali hilo ndilo lililozaa vyuo vya maendeleo ya wananchi. Mwalimu Nyerere alivutiwa na vyuo vya namna hiyo katika nchi za Skandinavia. Denmark ilianza navyo mwaka 1844 huko Rødding, kwa mawazo ya mchungaji Grundtvig, aliyeamini kwamba mkulima anastahili elimu ya juu bila kulazimishwa kuacha kuwa mkulima. Sweden ikafuata mwaka 1868. Wakulima wa nchi hizo walikuwa maskini wakati huo, na ushirika wao ulikomaa kwa sehemu kubwa kwa ajili ya watu waliopita katika vyuo hivyo. Mwaka 1975 Tanzania ikaamua kuanzisha vyuo vyake kwa msaada wa Sweden, vingi vikiwekwa katika majengo yaliyokuwapo tayari. Leo viko 54 Tanzania Bara.

Mpango wa mwanzo ulikuwa na mambo manne ambayo yanastahili kuelezwa, kwa kuwa vijana wa leo hawayajui. Mwanafunzi alichaguliwa na kijiji chake, wala hakujipeleka mwenyewe. Alikuwa mtu mzima aliyekwisha kujua kusoma. Alisomea jambo ambalo kijiji kilikuwa na haja nalo: useremala, uashi, ufundi chuma, kilimo, ufugaji, sayansi kimu, uendeshaji wa duka la ushirika. Na mwisho wa mafunzo hapakuwa na mtihani wa taifa wala cheti cha kumfungulia mlango wa mjini. Alirudi. Kipimo cha chuo kilikuwa kile ambacho kijiji kingekiona baada ya yeye kurudi.

Kwa hakika mpango huo haukutekelezwa wote. Vijiji vingine vilimpeleka mtoto wa mwenyekiti, na vingine vilipeleka mtu ambaye kijiji kilitaka kumpumzikia. Waliokuwa na ufundi walirudi na kukuta kijiji hakina misumari wala randa. Mambo hayo yalisemwa hata wakati ule. Lakini kushindwa kwa utekelezaji hakufanyi wazo liwe baya, kama vile kukosekana kwa mvua mwaka mmoja hakumfanyi mkulima aache kulima.

Sasa yaangaliwe mambo yaliyotokea huko kusini tangu wakati huo, maana ndiyo yanayopima haja ya vyuo hivi kuliko maneno ya waraka wowote. Korosho ndiyo damu ya uwanda wa Makonde. Katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna karibu tani 145,000 za korosho, na sehemu kubwa ilitoka Mtwara na Lindi. Katika msimu wa 1986/87 mavuno yalikuwa yameshuka hadi chini ya tani 20,000. Anguko hilo lilikuwa na sababu kadhaa. Operesheni Vijiji iliwahamisha watu mbali na mashamba yao, na mikorosho ikamezwa na vichaka. Bei aliyolipwa mkulima ilikuwa ndogo, na malipo yalichelewa. Na kisha ukaja ugonjwa wa ubwiriunga, ukungu mweupe kama unga, unaoyakausha maua kabla hayajawa tunda. Mkulima aliona mti wake umechanua vizuri mwezi wa Julai, na mwezi wa Oktoba hakuokota kitu. Wengi walidhani ni laana. Huko nyuma vilikuwa vimejengwa viwanda vya kubangua korosho, Masasi na Newala vikiwamo, na vingi vikanyamaza.

Waliookoa zao hilo walikuwa ni wataalamu wa Naliendele, karibu na Mtwara, waliothibitisha kwamba salfa ya unga ikipulizwa kwa wakati wake huzuia ubwiriunga, na ambao baadaye walitoa miche bora. Lakini mtaalamu huishia pale ambapo barabara huishia. Aliyebaki na kazi ya kupuliza alikuwa mkulima, na kupuliza salfa si jambo la kubahatisha. Ikipulizwa mapema mno imepotea. Ikichelewa maua yamekwisha kufa. Hupulizwa alfajiri, wakati umande ungali juu ya majani na upepo umetulia. Humwasha mpulizaji macho na kifua, na asiyejikinga hulipa kwa afya yake. Tena udongo wa uwandani ni wa kichanga, na salfa inayoanguka chini mwaka baada ya mwaka huuongezea uchachu, hata mazao mengine yakadhoofu. Mashine yenyewe hubebwa mgongoni na ina injini ndogo inayotaka mafuta ya petroli yaliyochanganywa na oili kwa kipimo. Kipimo kikikosewa injini huungua katikati ya msimu, na fundi wa karibu huenda yuko Masasi mjini.

Hapo ndipo kazi ya chuo cha wananchi inapoonekana kwa macho. Kijana mmoja wa kijiji aliyefundishwa kwa miezi mitatu kuzitengeneza mashine hizo, kujua wakati wa kupuliza na kuwafundisha wenzake kujikinga, ana faida kwa kijiji chake kuliko vijana kumi wenye vyeti vya umeme wa majumbani wanaotafuta nyumba zenye umeme mahali pengine. Haina maana kwamba umeme wa majumbani usifundishwe. Umeme umefika katika vijiji vingi, na mafundi wanatakiwa. Maana yake ni kwamba chuo kilicho katikati ya mikorosho ambacho mwanafunzi aweza kupita humo miaka miwili bila kujifunza korosho hata wiki mbili kimesahau kilipojengwa.

Lipo jambo la pili, nalo lahusu hesabu. Kwa miaka mingi wakulima wa kusini wamenyonywa kwa njia iitwayo kangomba. Mfanyabiashara huja kijijini miezi ya njaa, kabla ya mavuno, na kumpa mkulima fedha kidogo au mahindi, ili alipwe kwa korosho msimu utakapofika. Au huja wakati wa mavuno na chombo chake cha kupimia, ambacho kimepewa jina hilo hilo, na kununua kwa ujazo badala ya uzito. Mkulima huuza kilo na nusu kwa bei ambayo haifikii ya kilo moja. Serikali imepiga vita kangomba mara nyingi, na mwaka 2018, Rais John Magufuli alipoamuru Serikali inunue korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi liibebe, waliopatikana na mzigo usiokuwa na shamba waliulizwa wameutoa wapi. Lakini kangomba haifi kwa msako peke yake, kwa sababu haitokani na wizi peke yake. Inatokana na mwezi wa Februari. Nyumba haina unga, mtoto anadaiwa sare, na mwenye fedha amekaa mlangoni.

Tangu msimu wa 2007/08 umekuwapo utaratibu wa stakabadhi ghalani. Mkulima hupeleka korosho zake katika chama cha msingi, hupimwa, hupewa stakabadhi, kisha korosho huenda ghala kuu na kuuzwa kwa mnada kupitia vyama vikuu, MAMCU kwa Masasi na Mtwara, na TANECU kwa Tandahimba na Newala. Katika misimu ya karibuni mnada umeingizwa katika mtandao wa Soko la Bidhaa, na mwezi wa Oktoba 2024 bei ilipita shilingi 4,000 kwa kilo. Huo ni utaratibu mzuri kuliko kangomba. Hapana mtu mwenye akili atakayebisha. Lakini ni utaratibu wa karatasi. Una unyevu uliopimwa, una daraja la kwanza na la pili, una makato ya usafirishaji, ya ghala, ya chama cha msingi na ya chama kikuu, na una malipo yanayoingia benki badala ya mkononi. Mkulima asiyeweza kuisoma stakabadhi yake, na kuzihesabu makato yake mstari kwa mstari, amehama kutoka mikono ya mnunuzi wa kangomba na kuingia mikono ya karani. Karani mwaminifu atamtendea haki. Je, asiyekuwa mwaminifu?

Ushirika hulindwa na wanachama wanaojua kuuliza. Mkutano mkuu wa chama cha msingi ambao taarifa ya mapato na matumizi husomwa kwa haraka, nao wanachama wakapiga makofi ili waende nyumbani, ni mkutano ulioalika wezi. Wakulima wa Denmark waliotajwa hapo juu hawakukaa bwenini majira ya baridi ili wapate kazi Kopenhagen. Walijifunza historia ya nchi yao, walijifunza kusema mbele ya watu, na wakarudi kuzisimamia maziwa na siagi zao. Chuo cha Newala na chuo cha Masasi vingeweza kuwa mahali ambapo wajumbe wa bodi na kamati za usimamizi za vyama vya msingi wanakuja kwa wiki mbili, na pamoja nao wanachama wa kawaida, kusoma mizania ya chama chao wenyewe, ile iliyo halisi, wala si mfano wa kitabuni.

Kuhusu maji pana machache ya kusema, kwa sababu kila mtu wa uwandani anayajua kuliko mtu yeyote atakayehutubia. Mababu walikimbilia juu kujihifadhi na watekaji wa watumwa na wavamizi, na gharama yake ikawa kiu. Udongo wa kichanga humeza mvua yote, na chemchemi ziko chini ya miteremko. Tangu miaka ya 1950 maji yamekuwa yakisukumwa kwa pampu kutoka bondeni, na kila pampu iliposimama akina mama waliteremka tena na ndoo. Matangi ya kuvunia mvua kutoka katika mapaa ya bati ni jambo ambalo mwashi wa kijijini aweza kulijenga akijua kiasi cha saruji na namna ya kusakafia ili lisivuje. Kozi ya uashi ya Newala haiwezi kuwa sawa sawa na kozi ya uashi ya Morogoro, ambako mito inashuka kutoka Uluguru.

Na hao akina mama ndio wenye haki kubwa zaidi juu ya vyuo hivi. Tangu mwanzo iliamriwa kwamba chuo cha wananchi kimpokee mama pamoja na mtoto wake, na vyuo vikawa na mahali pa kulelea watoto wakati mama yuko darasani. Katika nchi ambayo kwa miaka mingi msichana aliyepata mimba alifukuzwa shule, na ambayo ilimruhusu kurudi katika shule ya kawaida mwezi wa Novemba 2021 tu, chuo cha maendeleo ya wananchi kilikuwa karibu mlango pekee wa Serikali uliobaki wazi kwake. Katika miaka ya karibuni shirika la Karibu Tanzania limesaidiana na vyuo hivyo katika mpango uitwao Elimu Haina Mwisho, unaowarudisha wasichana walioacha masomo, wapate elimu ya sekondari pamoja na ufundi. Wilaya za kusini zinajua vizuri ni wasichana wangapi wanaoacha masomo, na zinajua sababu zake. Msichana wa miaka kumi na minane mwenye mtoto mgongoni ndiye mtu hasa aliyekusudiwa mwaka 1975, ingawa waliokusudia hawakumjua.

Mwanamke huyo huyo hubangua korosho. Yeyote aliyeona ubanguaji wa mkono anajua kwamba ganda lina utomvu mkali unaochubua ngozi, na kwamba vidole vya mbanguaji hugeuka vyeusi. Tofauti ya bei kati ya korosho ghafi na korosho iliyobanguliwa ikabaki nzima ni kubwa, na tofauti hiyo kwa miaka mingi imekwenda India pamoja na meli. Vikundi vya akina mama vya Masasi na Newala vinabangua kwa juhudi, lakini hukosa mambo madogo: namna ya kukausha ili punje isivunjike, usafi unaotakiwa na wanunuzi, vifungashio, leseni, kumbukumbu za fedha. Mambo hayo yote ni ya kufundishika, na hayahitaji chuo kikuu.

Upande wa pili nao lazima usikilizwe. Wako wazazi wasemao: "Mnatuambia watoto wetu wabaki, lakini wenu wako wapi?" Neno hilo ni chungu, na lina haki. Mzazi wa Newala anayeuza magunia matatu ya korosho ili alipe karo ya chuo anataka mwanawe atoke na cheti kinachotambuliwa, kwa sababu ameona kwamba nchi hii huheshimu cheti. Katika miaka ya 1990, msaada wa Sweden ulipokwisha, vyuo vilipitia kipindi kigumu. Vilikuwa vimehamishiwa Wizara inayohusika na maendeleo ya jamii, na baadaye vikarudishwa Wizara ya Elimu. Katika miaka ya 2010 vikaanza kufundisha pia mitaala ya VETA, na vyeti vyake vikaleta wanafunzi. Bila hatua hiyo huenda baadhi ya milango ingefungwa kabisa. Si haki basi kumlaumu mkuu wa chuo aliyejaza mabweni yake kwa kozi zenye cheti.

Lakini ni haki kuuliza ni nani aliyeachwa nje mabweni yalipojaa. Mtu wa miaka arobaini, mwenye ekari tano za mikorosho na watoto sita, hawezi kukaa bwenini miaka miwili. Hahitaji cheti; hakuna wa kumwonyesha. Anahitaji wiki tatu, wakati unaofaa, karibu na nyumbani, na mwalimu anayejua asemalo. Mtu huyo ndiye anayelipia barabara, shule na zahanati kwa makato ya korosho yake, na ndiye ambaye nafasi yake katika chuo kinachoitwa kwa jina lake imekuwa finyu mwaka hata mwaka. Kozi fupi zimekuwa jambo la kufanywa fedha ya mfadhili inapopatikana. Mfadhili akiondoka, nazo huondoka.

Basi kuna jambo moja lisilohitaji mfadhili wala majengo mapya, nalo ni kalenda. Vyuo hufuata mwaka wa shule: hufunguliwa Januari na hufungwa Desemba, kama kwamba wote wanaosoma ni watoto. Mwaka wa mkulima wa korosho hauko hivyo. Mvua huanza Desemba au karibu yake, na mpaka Machi watu wako katika palizi ya mahindi, mihogo na mbaazi. Mwezi wa Juni mikorosho huanza kuchanua na salfa huanza kupulizwa, mpaka Agosti. Kuanzia Septemba kuokota, kukausha na kupanga madaraja, na kuanzia Oktoba minada. Kati ya Aprili na mwisho wa Mei kuna wiki sita hivi ambazo mkulima ana nafasi ya kupumua, na ndizo zinazotangulia mambo mawili ambayo akikosea mwaka mzima umeharibika, yaani kununua salfa na kupuliza.

Wiki hizo sita zingetengwa na vyuo vyote viwili, cha Masasi na cha Newala, kwa ajili ya watu wazima peke yao. Vijana wa kozi ndefu wangepelekwa vijijini kwa mazoezi ya kazi wakati huo, na vitanda vyao vingebaki wazi. Vyama vya msingi, ambavyo sheria ya ushirika imekwisha kuvipa wajibu wa kuwaelimisha wanachama wake, vingelipia unga na maharage. Wataalamu wa Naliendele wangekuja na miche na dawa zao. Mhasibu wa chama kikuu angekuja na vitabu vyake, avifungue mezani, aulizwe. Na wanakijiji wangekaa katika mkutano, kama ilivyokuwa mwanzo, na kuamua wao wenyewe ni nani aende mwaka huu: mama wa kikundi cha kubangua, kijana anayetengeneza mashine, mjumbe mpya wa bodi aliyechaguliwa juzi na ambaye bado hajaiona mizania hata moja. Mwezi wa Juni ukianza wangekuwa wamekwisha kurudi, na maua yangekuwa ndiyo kwanza yanafunguka.